Mkeka Uliopungua Shibiri

Hapo zamani, na msiniulize mwaka maana sikuwapo, kwenye kijiji cha wasusi wa mikeka palikuwa na binti akiitwa Mize. Mama yake alikuwa amefariki, naye akilelewa na shangazi yake, Bi Mwaka. Mize akaposwa ng'ambo ya mto. Kwa wakwe zake kulikuwa na desturi: siku ya harusi wanawake wa upande wa mume huja wenyewe kutandika mkeka wa bibi harusi. Ukifunika kitanda, vigelegele. Usipofunika, mtoto wa watu atachekwa mpaka apate wajukuu.

Mize akakata ukindu kwa mikono yake, akauanika, akauchana. Bi Mwaka akaupeleka kwa Bi Hadia, mjane, asuke ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukawa mkeka, wa pima ishirini. Pima mnaijua: unanyoosha mikono yote miwili, toka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Na pale kijijini hupimwa kwa mikono ya msusi, na ukindu ukibaki ni wake. Sasa Bi Hadia alikuwa mfupi, na mikono yake mifupi zaidi. Alisuka pima ishirini kamili. Ukindu uliobaki akajisukia kikapu.

Ukili ukaenda kwa Bi Time, mshonaji. Akautandaza, akaona wazi haufiki. Akanyamaza, akashona.

Mkeka ukaletwa asubuhi ya harusi. Mize akaujaribu. Miguuni ikapungua shibiri nzima, kamba za kitanda ziko nje. Alilia, siwafichi. Kisha akajifuta uso, akawaita wote watatu.

"Nimepunjwa," akasema. "Aliyenipunja akatandue kitanda chake, aniletee mkeka wake. Sasa hivi."

Nanyi mnaosinzia huko nyuma, lisikieni neno hilo. Kupunja si kuiba. Mwizi huchukua chako ukiwa hupo. Anayekupunja anakukabidhi chako mkononi, mnatazamana, nacho ni pungufu.

Bi Hadia akasema, "Mwanangu, mimi sikukupunja. Niliambiwa pima ishirini, nimesuka ishirini. Mikono hii nimepewa na Mungu. Na mkeka wangu ni mmoja, wanalalia watoto wanne."

"Na kikapu?"

"Kikapu ni haki ya msusi."

Bi Time akasema, "Mimi nimeshona ukili wote, sikubakisha hata kipande. Ningesema ni mfupi, mngesema Time anamwonea Hadia wivu. Tumenuniana mwaka mzima."

"Lakini uliona?"

"Niliona."

Bi Mwaka akasema, "Mikono ya Hadia tunaijua kijiji kizima. Nilimchagua kusudi, apate ukindu wa kubaki, maana hana kitu. Mimi sikuchukua hata ujani mmoja."

"Shangazi," Mize akasema, "umetoa sadaka, lakini ukindu ulikuwa wangu."

Hakuna aliyeondoka kwenda kutandua.

Mara hodi, wakwe hao uani, wanavua viatu. Mize kasimama kando ya kitanda, mkono kaunyoosha, anangoja mkeka.

Mimi nimewafikisha hapo, siwavushi. Je, nani alimpunja Mize? Na nani usiku ule alale juu ya kamba tupu?