Ruta Kwenye Kabati la Vikombe vya Wageni

Wapendwa, kuna mama mmoja nataka mumjue asubuhi hii. Ni mjane, anakaa juu mlimani, huko ambako mtandao wa simu unashika sehemu moja tu: zizini. Ukitaka kuongea na mwanao, ng'ombe naye anasikiliza.

Binti yake wa pekee ameolewa ng'ambo. Mkwe alipokuja likizo akaiona taabu hiyo, akamwekea mama intaneti ya nyumbani, ya dishi la setilaiti juu ya paa. Akaiweka ruta, kile kiboksi chenye taa, juu ya stuli sebuleni, akasema, "Mama, sasa mtaonana uso kwa uso." Na wakaonana! Mama alikuwa anacheka peke yake jikoni.

Mkwe alipoondoka, mama akaitazama ile ruta pale kwenye stuli, vumbi linaingia, kuku wanapita. Akaona aibu. Zawadi ya mkwe ikae na kuku? Akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, akaisukuma ndani ya kabati, nyuma ya masinia ya chuma, pamoja na vikombe vya wageni, waya ukipenya kwenye ufa. Akafunga kwa ufunguo. Tangu hapo picha ikaanza kukwama, kisha ikapotea kabisa. Mama akalaumu mawingu. Akalaumu simu. Akailaumu kampuni kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa madhabahuni.

Sasa sikieni. Asubuhi moja binti anasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji. Upasuaji wa moyo. Ameomba jambo moja tu: amwone mama yake, wasali pamoja kabla hajapewa dawa ya usingizi. Mama anaizima simu, anaiwasha. Kiduara kinazunguka tu. Akakimbilia zizini, akampigia mkwe.

"Baba, kifaa chako kimekufa!"

"Mama, tulia. Taa zake zinawaka rangi gani?"

"Taa sizioni."

"Huzioni? Kwani iko wapi?"

"Iko kabatini, baba. Nimeitunza vizuri sana. Nimeifunika, nimeifungia. Hakuna anayeigusa."

 Pamoja na hofu yake yote, mkwe akacheka. "Mama, haijafa. Umeificha, mawimbi yake hayatoki humo! Ichomoe, ivue hiyo nguo, irudishe kwenye stuli. Iache ipoe kidogo, kisha uichomeke tena."

Mama akarudi mbio, akahangaika na ufunguo mpaka kabati likafunguka. Ruta ilikuwa ya moto kama chapati inayotoka jikoni. Akaiweka juu ya stuli, akaketi sakafuni mbele yake kama anayechunga maziwa yasifurike. Akaichomeka. Taa moja ikawaka. Ikawaka ya pili. Simu ikalia mkononi mwake, na uso wa mwanawe ukajaa kwenye kioo, kofia ya hospitali kichwani.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, mwanangu. Hapa hapa."

Wakasali. Na jioni yake, jamani, jioni yake binti akapiga mwenyewe. Sauti imechoka, lakini ni yake. Yule mama alilia kwa furaha mpaka kuku wakatawanyika.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi nacheka. Lakini niambieni: nani kati yetu hajasema mwaka huu, "Mungu amenyamaza"? Tumemlaumu mchungaji. Tumeilaumu kwaya. Shetani tumemlaumu hata kwa yasiyomhusu. Na Mungu mwenyewe tumemweka wapi? Tumempa mahali pa heshima! Biblia imefunikwa kitambaa chake. Sala iko na vikombe vya wageni, inatoka siku ya harusi na siku ya msiba, kisha inaoshwa na kurudishwa. Hatumdharau, hapana. Tumemheshimu mpaka tukamfungia mbali na jiko letu, na ugomvi wetu na mume, na madeni yetu, na kuku wetu. Ndugu zangu, yeye hakuja akae kabatini. Alikuja akae pale kwenye stuli, katikati ya vumbi letu.

Basi leo tokeni hapa mkiwa wepesi, kwa sababu hakuna kilichokufa. Ukifika nyumbani usilaumu mawingu. Tafuta ufunguo.