Shali ya Mlima

Hapo zamani, na anayeogopa ngurumo azibe masikio sasa hivi, palikuwa na kijiji kilichojengwa mgongoni mwa mlima wa moto. Mlima ukinyamaza, watu walilima. Mlima ukifuka moshi, watu walilima huku wakigeuka nyuma. Mlima ukinguruma, kila mtu alijidai hakusikia.

Manka alisikia, ndiyo maana alifuma. Kila jioni mstari mmoja wa sufu: mweupe kama mlima umenyamaza, wa kijivu kama umefuka, mwekundu kama umenguruma. Alifuma miaka minne, shali ikawa ndefu kuliko zizi la kondoo.

"Manka," shoga yake Ndeshi alimtania, "huyo mume unayemfumia ana shingo ngapi?"

"Naufumia mlima."

"Ala! Kumbe nao unaona baridi."

Jirani yao Aikande hakucheka. Alikuwa mdarizi, na alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hawezi kuona kitu bila kukihesabu. Aliichukua shali, akainakili kwenye kitambaa cha vitundu, msalaba mmoja wa uzi kwa kila siku, ili jicho lione miaka minne kwa mara moja. Alipomaliza, hakungoja kesho. Akamwita Manka.

"Tazama myekundu. Mwaka wa kwanza, kutoka mmoja hadi mwingine ilikuwa siku mia. Kisha hamsini. Kisha ishirini na tano. Inakaribiana, dada. Iko siku itakutana, na nimeihesabu. Mlima utapasuka siku ya kumi na mbili kuanzia leo."

Manka alikumbuka jambo. Mwaka wa pili alikwenda arusini ng'ambo ya mto, akakaa siku tatu. Aliporudi, badala ya kuacha pengo, alifuma mistari mitatu myeupe ya kubuni. Nani angejua? Na shali yenye pengo ni aibu ya mfumaji.

"Mitatu hii niliitunga," alisema.

Aikande akahesabu upya. "Kama siku zile mlima ulinyamaza, ni ya kumi na mbili. Kama ulinguruma, ni ya tisa."

Wakaenda kwa Orio, mkuu wa kijiji. Orio alikuwa na sauti ya mtu anayejua, jambo ambalo si sawa na kujua. Lakini siku hiyo alifikiri kweli.

"Tutahama siku ya nane," alisema. "Na ya kumi na mbili isitajwe. Mtu ukimpa siku mbili, hushika ya mbali. Haya, apeni."

Wakaapa.

Kijiji kikaambiwa ya tisa tu, kikahamia uwandani. Siku ya tisa hakuna aliyethubutu kulala; watoto walifungwa migongoni, na mbwa akibweka watu walishikana mikono. Mlima kimya. Ya kumi, kimya. Ya kumi na moja ulikaa pale umetulia kama mtu aliyesingiziwa.

Ndeshi alikuwa ameacha kondoo mwenye mimba. Akajifunga shuka kiunoni.

"Hesabu yenu imepita, shoga. Nakwenda kumzalisha kondoo wangu, kesho jioni nimerudi."

"Subiri kesho ipite."

"Kwa nini kesho?"

Manka akafungua kinywa. Orio, aliyekuwa akichochea moto, akakohoa. Aikande akainamia kitambaa chake. Watu wakijua wamefichwa, Manka aliwaza, hawatatuamini tena. Watapanda wote kwa hasira.

"Basi tu. Naogopa."

"Unaogopa nini nawe! Fuma mstari mmoja, hofu itakutoka." Ndeshi akacheka, akapanda.

Adhuhuri ya siku ya kumi na mbili mlima ulipasuka. Watu mia mbili walisimama uwandani wakitazama mapaa yao yakizama motoni, wote wazima. Wote, isipokuwa mmoja.

Mama yake Ndeshi, aliyeisikia ile 'Subiri kesho ipite', hakulia. Aliomba jambo moja tu.

"Nataka mtu asimame mbele yangu aseme, ni mimi. Mtu mmoja. Nimjue wa kumtazama."

Manka akasimama. "Ni mimi, mama. Ningeacha pengo, kila mtu angeliona. Na jana aliniuliza, nikameza maneno."

Aikande akainuka, akamvuta nguo. "Keti. Wewe ulifuma tu. Mimi nilijua siku mbili nikatoa moja. Hesabu yenye shaka nikaivika uhakika."

"Ketini nyote," alisema Orio akiinuka. "Aliyewaapisha hawa ni mimi. Na nisingewaapisha, leo tungelia kijiji kizima, si binti mmoja."

"Unaungama au unajisifu?" mama akamuuliza.

Orio aliinamisha kichwa. Lakini hakuketi.

"Nimeomba mmoja," alisema mama.

Basi ninyi mnaonisikiliza, mnaotikisa vichwa kana kwamba hamjawahi kuziba pengo wala kumeza neno: watatu wamesimama, na mama bado anangoja. Je, ni nani aketi, na nani abaki amesimama?