Kadi ya Bi Mwajabu na Mikono Mitatu

Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura kuongea, ni zamani za juzijuzi tu, mashine zilipokwisha kuanza kutema noti ukutani, palikuwa na mji mdogo chini ya milima ukiitwa Kwemvule. Mji huo ulikuwa na benki moja, na nje ya benki hiyo walikuwapo watu watatu. Wakumbukeni vizuri hao watatu, maana kisa chao kimewashinda masheikh wawili, mchungaji mmoja na hakimu mstaafu mwenye miwani minene, na sasa kimefika kwenu.

Wa kwanza alikuwa Kaniki, fundi viatu, aliyemzika mkewe bila kuachiwa mtoto. Wa pili alikuwa Hoza, mlinzi wa benki, mwenye rungu kiunoni na kitabu cha matukio kwapani. Wa tatu alikuwa Tausi, muuza uji, mwanamke ambaye mdomo wake ukishawashwa asubuhi hauzimwi hadi sufuria iishe.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Benki imefungwa, lakini mashine haina Jumapili. Kaniki alikuwa amejaza misumari mdomoni, akigonga soli ya kiatu cha karani mmoja, alipofika Bi Mwajabu Kupaza, mpishi wa shule aliyestaafu, anahema, kandambili moja imekatika mkanda.

"Fundi, mwanangu, nishikie hapa upesi. Binti yangu Semeni yuko kwenye uchungu tangu jana. Mkunga wa zahanati anasema mtoto amekaa vibaya, akapasuliwe hospitali kubwa. Chande na gari lake yuko tayari, ila hana mafuta. Nachukua pesa hapo kwenye mashine, narudi."

"Umemwacha na nani, mama?"

"Jirani. Hata simu nimemwachia. Shona, baba, shona!"

Kaniki akapiga nyuzi mbili, kandambili ikashika. Bi Mwajabu akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu, akamlipa, akalifunga tena.

Sasa hapo ndipo pabaya. Wanawake wa Kwemvule hufunga kila kitu pindoni: sarafu, ufunguo, dawa ya kichwa. Noti hukunjika, sarafu hubanwa. Lakini kadi ya benki haikunjiki. Hukaa ndani ya fundo kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka. Na Bi Mwajabu, ambaye kusoma kwake ni kwa kubahatisha, alikuwa ameizungushia kadi yake kikaratasi alichoandikiwa na karani, chenye namba ya siri, tarakimu nne, kubwa kubwa, zinasomeka hata kwa jicho moja.

Alikwenda hatua kumi hadi kwenye mashine. Akafungua pindo. Akalikung'uta. Akarudi uso umepauka.

"Fundi, hujaona kadi yangu?"

Kaniki alitupa jicho kulia, akatupa jicho kushoto, misumari mdomoni, karani amesimama na soksi anasubiri kiatu.

"Hapa haipo, mama."

Hakuinua hata kipande kimoja cha ngozi. Bi Mwajabu akashika njia ya kurudi mlimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, macho chini, akisema peke yake, "Itakuwa kule kwenye mteremko. Itakuwa kule nilipojikwaa."

Karani alipovaa kiatu chake akaenda zake, Kaniki akavuta kipande cha ngozi atie kiraka. Kadi ikamwangukia mguuni, na karatasi yake.

Ndugu zangu, hakupiga kelele. Hakuita mtu. Aliifunika kwa goti. Akaketi nayo kwa muda wa kushona soli moja nzima, na soli yenyewe hakuishona. Alikuwa anawaza bati la paa lake. Alikuwa anawaza kwamba mwenyewe ameshaambiwa haipo, na aliyeambiwa haipo harudi kuuliza. Tarakimu nne zilikuwa zinamtazama. Akatazama mashine, akatazama tarakimu. Kisha akamwona Bi Mwajabu akilini mwake, vile alivyokung'uta lile pindo, na misumari ikamtoka mdomoni mmoja mmoja.

"Tausi! Hoza! Njooni. Nimeiona."

Wakaja. Hoza akasema kwanza, maana alikuwa na kofia.

"Kadi iliyookotwa inatumbukizwa kwenye kisanduku cha mlangoni. Kesho meneja atamtafuta mwenyewe. Ndivyo tulivyoelekezwa."

"Kesho?" Tausi akaweka upawa chini. "Yaani mtoto wa Semeni akae humo tumboni amsubiri meneja amalize chai yake?"

"Sheria sikuitunga mimi, dada."

"Na mimi uji sikuutunga, lakini nikiona unamwagika naepua! Namba hii hapa. Kadi hii hapa. Nimemtolea kaka yangu pesa kwenye mashine hii mara kumi. Tunatoa ya gari, gari linapanda, basi."

"Huo ni wizi," akasema Hoza.

"Wizi ni kula. Mimi nakula nini hapo?"

Kaniki akaikumbatia kadi kifuani. "Hapana. Kadi ya mtu ni mkono wa mtu. Naipeleka mimi, nampa mwenyewe."

"Utamkuta wapi, fundi? Saa nzima kupanda, saa nzima kushuka naye, ndipo gari litiwe mafuta, ndipo lianze kupanda tena. Hesabu! Au umezoea kuhesabu misumari tu?"

Wakajaribu njia nyingine. Kila mmoja akageuza mifuko, Tausi akakung'uta na mkebe wa uji. Ikapatikana elfu nane. Wakamwita Chande, akaja amenyong'onyea, maana si mtu mbaya.

"Hii itatufikisha katikati ya pori, tukazalishe hapo," akasema. "Kwenda na kurudi ni elfu sitini. Kituo hakikopeshi, mnajua wenyewe."

Basi wote wakamgeukia Kaniki. Na Kaniki alikuwa bado ameikumbatia kadi, wala si kwa uaminifu. Dakika chache nyuma alikuwa anataka kuiba, na mtu aliyetoka kuwaza hivyo huogopa hata kugusa cha halali, anaona kila mtu anamsoma usoni. Alisimama hapo, muda ukaenda, Tausi akimtukana kwa upole, kisha bila upole. Mwisho akanyoosha mkono.

"Chukua. Ya gari tu, Tausi. Shilingi isizidi."

Hoza akashika rungu. Akaliachia.

"Sikilizeni," akasema. "Nikiona nitaandika nilichoona. Siwezi kuandika kwamba sikuona. Lakini miguu yangu haitatoka hapa iliposimama."

Tausi akaingia kwenye kibanda cha mashine. Akatoa elfu sitini. Akaisoma risiti kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina darasani, akaifunga pamoja na kadi, akampa Kaniki. Chande akatia mafuta, Kaniki akarukia nyuma ya gari, wakapanda.

Walimkuta Bi Mwajabu kwenye kona ya tatu. Ameshika kijiti, anapekua majani ya kando ya barabara, jani kwa jani.

"Mama, kadi yako hii," akasema Kaniki. "Pesa ya gari tumeshaitoa bila ruhusa yako. Panda."

Alitupa kijiti. Alipanda.

Semeni alifikishwa hospitali akiwa hajui tena nani amemshika mkono. Wakampasua. Mtoto wa kike akalia. Baadaye daktari akatoka, akamwambia Bi Mwajabu kwamba mama mtu atapona, lakini kizazi kimetolewa. "Huyu ndiye wa kwanza, bibi, na ndiye wa mwisho. Mngechelewa kidogo tena, tungewakosa wote wawili."

Mnadhani imeisha? Ngojeni.

Jumatatu meneja wa benki akafungua kitabu cha matukio, akakuta mwandiko wa Hoza: "Jumapili, saa nne asubuhi. Tausi muuza uji ametoa pesa kwa kadi isiyo yake. Nimemwona. Sikumzuia. Mwenye kadi ana mgonjwa." Meneja akapiga simu. Tausi akachukuliwa mbele ya wateja wake, sufuria ikabaki mekoni hadi uji ukashika moto. Akalala mahabusu siku mbili, mpaka Bi Mwajabu akatoka hospitali kwenda kutia dole gumba kwamba pesa ni yake na amesamehe. Naye Hoza akavuliwa kofia. "Umeona wizi ukasimama kama nguzo," akaambiwa, "basi kasimame kwingine." Ndoa ya binti yake ilikuwa imebaki mwezi mmoja.

Sasa, kule mlimani kwa kina Bi Mwajabu kuna desturi. Mtoto mchanga hakai nje hadi siku ya arobaini. Siku hiyo hutolewa na mtu mmoja, mtu asiye wa damu, anayepokea mtoto kizingitini na kumwonyesha jua. Tangu hapo mtu huyo ni ndugu: hupewa mkono katika kila sherehe ya mtoto, na wakati wa posa huulizwa. Na wazee husema mtoto huchukua tabia za mikono iliyomtoa. Kwa hiyo mikono huchaguliwa kuliko nguo ya harusi. Na huyu ni wa kwanza na wa mwisho.

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Bi Mwajabu akatoka na mtoto, akasimama kizingitini, akasema:

"Waliomwokoa mjukuu wangu ni watatu. Mtoto habebwi na watu watatu. Semeni kaniachia mimi nichague, na mimi nimeshindwa. Haya, jisemeeni wenyewe."

Tausi akasimama, kanga mpya, kidevu juu.

"Mimi sina maneno mengi." Watu wakacheka, hata yeye akacheka kidogo, kisha akakoma. "Wote waliogopa. Mmoja aliogopa meneja, mmoja sijui aliogopa nini. Mimi nilitia mkono nikijua utakatwa. Nimelala kwenye saruji. Hadi leo kuna watu hawanunui uji wangu, wananiita mwizi wa mashine. Kama mtoto atachukua tabia, na achukue za mtu asiyemwacha mwenziwe afe kwa sababu ya karatasi."

Hoza akasimama. Bila kofia alionekana mdogo.

"Rungu lilikuwa mkononi mwangu. Ningetaka, Tausi asingeufikia mlango. Na ningetaka, ningeandika kwamba siku ilipita salama, leo ningekuwa kazini. Nilimwacha, kisha nikasema kweli, na kweli hiyo ilinila mwenyewe."

"Ilinila mimi kwanza!" akapaza Tausi. "Ungeandika salama, nani angekufa?"

"Ningeandika uongo, dada, nikaulinde tena mlango huo kwa uso gani? Wewe ulipewa kuhurumia. Mimi nilipewa kuona."

"Kaona hadi kanifungisha, jamani!"

Bi Mwajabu akainua mkono, wakanyamaza. Akamgeukia Kaniki, na uso wake ulikuwa umekwisha kulegea. Watu wote walijua, aliyeiokota kadi na kuifikisha mkononi mwa mwenyewe ni Kaniki. Tena ni mpweke. Bibi akapiga hatua moja, mikono imeanza kumnyooshea mtoto.

Kaniki aliutazama uso ule mdogo. Aliutaka. Mungu anajua jinsi alivyoutaka. Siku arobaini nzima alikuwa akishona viatu vidogo vya ngozi laini, na hakumwonyesha mtu. Alikuwa na la kusema moja tu, "Bismillahi," apokee. Nani angejua?

"Mama," akasema, "rudisha mikono kwanza."

Akarudi hatua moja nyuma.

"Uliponiuliza nilisema haipo, na sikuinua hata ngozi. Uliondoka kwa ajili ya neno langu. Kisha niliiona. Nikaifunika kwa goti. Nilikaa nayo muda wa kushona soli nzima, nikiwaza kuiba, na Semeni yuko kwenye uchungu. Halafu walipotaka kutoa pesa nikajifanya mwaminifu kupita wote, nikawachelewesha tena. Daktari alisema mngechelewa kidogo tena. Ule muda mliochelewa, mwingi ni wangu. Labda na kizazi cha Semeni ni changu. Sijui. Daktari hakuulizwa, na mimi sikuthubutu kumuuliza."

Ndani ya nyumba Semeni alikuwa amelala karibu na dirisha, anasikia kila kitu. Hakulia. Alisema tu, "Mama, usimfukuze." Wala hakusema ni nani, wala hakusema achaguliwe nani.

Hapo ua ukagawanyika. Wapo waliosema, "Mwizi huyo, na kumbe ndiye aliyeleta yote!" Wapo waliosema, "Mwizi gani anayejitaja mwenyewe saa ya kupewa?" Mzee mmoja akasema Tausi apewe, yaishe. Mkunga wa zahanati akasema bila rungu lililoachiwa hakuna Tausi. Shangazi yake Semeni akasema hao wote wamlipe fidia, tena akatema mate chini. Tausi mwenyewe alikuwa amekaa, ameufumba ule mdomo, anamtazama Kaniki kama anayemwona leo.

Na Bi Mwajabu bado amesimama kizingitini. Jua linapanda, na kwa desturi yao likishafika utosini mtoto hatolewi tena mwaka huo. Mtoto ameamka, anapiga miguu ndani ya kanga. Mikono mitatu iko mbele yake: mmoja ulichukua kisicho chake ili mtu aishi, mmoja uliacha kuzuia kisha ukaandika kweli, mmoja ulificha, ukarudisha, na leo umejitaja.

Masheikh walibishana hadi adhana. Hakimu mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaomba maji. Basi nyinyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa kama wenye majibu, semeni, tena upesi, bibi anachoka mikono: je, nani alistahili kumwonyesha mtoto yule jua?