Jiwe la Nyumba ya Nakijwa

Kisa, kisa!

— Kije tukisikie!

Kije na nini?

— Kije na utamu wake!

Haya, kimekuja. Sogeeni. Wewe Mbazi, acha kumfinya mwenzio. Na anayetaka kusinzia akasinzie ndani, sitaki mtu anikoromee katikati ya maneno.

Hapo kale, kale ya kale, bibi yake bibi yangu akiwa bado hajazaliwa, mvua ya huku kwetu Upare ilikuwa ya kubembeleza. Watu walimwagilia mashamba kwa ndiva. Mnanitolea macho? Ndiva ni bwawa la wote, ukuta wake udongo na mawe. Maji ya kijito yanalala humo, asubuhi yanafunguliwa mferejini, shamba hili kwanza, kisha lile, kila nyumba na zamu yake.

Sasa sikilizeni sheria. Kila kiangazi ukuta ule ulikarabatiwa, na kila nyumba ilitoa jiwe moja. Lazima libebwe na mtu wa nyumba hiyohiyo, kutoka bondeni mpaka ukutani, bila kutuliwa njiani. Ukilitua, basi tena. Nyumba isiyo na jiwe ukutani haina zamu ya maji mpaka mwaka mwingine.

Ilikuwa kali? Kali kweli. Lakini ndiyo iliyowapeleka vijana kila jioni kwenye uwanja wa mawe. Jamani, uwanja ule! Wasichana na wavulana, jasho linawachuruzika, wanainua mawe, wanataniana, wanaimba mpaka milima inaitika. Mwalimu wao alikuwa mzee Shaghude, mtu wa maneno machache. Mtoto alianza na jiwe la ukubwa wa boga. Likizoeleka, Shaghude anampa kubwa kidogo. Likizoeleka hilo, kubwa kidogo tena. Hakuna kuruka jiwe. Siku zile hukumkuta kijana amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Siku zile! Haya, tuendelee, nisije nikalia bure mbele yenu.

Palikuwa na mama mmoja mjane, jina lake Nakijwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kajiru, na kumpenda alimpenda mpaka akapitiliza. Uwanja wa mawe alimkataza katakata.

"Mawe yatakukandamiza udumae," alimwambia. "Unataka kubaki kimo cha kinu?"

"Lakini mama, wenzangu wote wanakwenda."

"Wenzako wana ndugu tele nyumbani. Mimi nina nani zaidi yako?"

Kajiru akatii. Jiwe la nyumba yao likawa linabebwa na shemeji yake Nakijwa aliyekaa nao. Ikapita miaka, shemeji naye akafariki, na kiangazi hakikungoja matanga. Kajiru akashuka bondeni mwenyewe. Alikuwa amerefuka, sisemi uongo, lakini urefu wa mpapai. Akaliinua jiwe, akaenda, akaenda. Nakijwa akaona mikono inalegea. Puu! Jiwe chini.

Hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyevunja sheria kwa ajili yake.

Mwaka ule maharage ya Nakijwa yalikauka yakiwa bado na maua. Maji yalipita mferejini, pembeni kabisa mwa shamba lake, anayasikia yakicheka na mawe, na hayamhusu! Wakala walichopewa na majirani. Lakini njaa haikumuuma kama kumwona Kajiru anavyopita kando ya njia, macho chini, kama aliyeiba kuku. Hilo lilimkata maini.

Akaenda kwa mzee Shaghude.

"Baba, nimekuja."

"Nakuona, binti yangu. Keti."

"Niambie kweli. Mawe hayadumazi mtoto?"

Shaghude akasimama. Na Shaghude, wanangu, hakuna mlango kijijini aliouingia bila kuinama. "Mimi nabeba mawe tangu sijaota ndevu," akasema. "Nimedumaa? Kijana haumizwi na jiwe. Anaumizwa na pupa. Mlete."

Basi Kajiru akaanza na jiwe la boga, pamoja na watoto waliomfikia kiunoni. Wee, walimtania! "Kaka mkubwa, tukushikie upande mmoja?" Akavumilia. Nakijwa alikuja kila jioni na ukili wake, akasuka mkeka huku anatazama, na Shaghude anaunguruma, "Kunja magoti! Mgongo wima! Inua kwa miguu, kiuno hakikukosea kitu!" Mpaka Nakijwa akayajua maneno yale kama jina lake.

Lakini ujana ni ujana. Siku moja mzee Shaghude hakuwepo, Kajiru akaona haya kushika jiwe dogo mbele ya wasichana. Akalivamia kubwa. Alirudi nyumbani amejishika kiuno, anatembea kama mimi hapa. Mnacheka? Nakijwa hakucheka. Alikwenda mbio kwa Shaghude, kaniki inamdondoka.

"Umeniulia mtoto!"

"Nani alimwambia aruke jiwe?"

Kajiru akaja nyuma anachechemea. "Mama, mzee hana kosa. Ni mimi. Niache nipone, kisha nirudi."

Nakijwa alikuwa na neno mdomoni, tena kali. Akalimeza. Mtoto alikuwa anamtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya tangu jiwe lilipoanguka.

Akapona, akarudi kwenye jiwe la boga, polepole. Akawa anakula mpaka anakwangua chungu. Akawa analala usingizi wa haki. Akapata marafiki, nyumba ikajaa kelele za vijana, mabega yakajaa nayo.

Kiangazi kikaja. Kajiru akakunja magoti, akaliinua jiwe la nyumba yao, akaanza kupanda. Katikati ya mlima akasita. Nakijwa alitaka kupiga kelele, "Tua, mwanangu!" Akaziba mdomo kwa kaniki. Kajiru akavuta pumzi, akapanda, akapanda, mpaka ukutani. Vigelegele! Nakijwa alicheza mpaka akasahau utu uzima wake.

Mawe yote yakafika, likabaki moja kule bondeni. Lilikuwa la Shaghude. Mkewe alikuwa ametangulia, watoto hawakujaliwa, na kila mwaka alijibebea mwenyewe. Mzee akainama. Jiwe halikunyanyuka. Akainama tena, goti likamsaliti, akakaa chini mavumbini. Jamani, wale vijana wote aliowafundisha walitazama pembeni.

Mkubwa wa ndiva akasema kwa huzuni, "Sheria ni mtu wa nyumba hiyo. Nani wa nyumba ya Shaghude?"

Mtu mmoja akajipenyeza mbele.

"Yupo," Nakijwa akasema. "Kajiru."

"Kajiru ni wako, mama. Tena amechoka."

"Kumzaa nimemzaa mimi, nani anabisha? Lakini huu mgongo ameupata nyumba ya nani? Mimi nilimzuia asisimame, mzee huyu akamsimamisha. Akae na njaa yeye, mimi nile maharage?" Akamgeukia mwanawe, mtoto wake wa pekee, machozi yanamtoka. "Nenda ukampe babu yako maji. Kunja magoti, mwanangu. Mgongo wima. Wala usiwe na pupa."

Mkubwa wa ndiva akawatazama wazee wenzake. Hakuna aliyepinga. Kajiru akashuka bondeni, na Nakijwa akashuka naye, akakaa mavumbini kando ya Shaghude. Mzee aliyefundisha kijiji kizima kubeba, siku ile alibebewa jiwe lake mpaka ukutani. Alilia mbele za watu bila kuficha uso.

Ndiyo maana nawafukuza humu ndani kila jioni mkakimbie, mkapigane mieleka, mkabebe vizito kwa kipimo chenu. Nguvu za kijana zisipofundishwa huozea mwilini. Zikifundishwa, huwafaa na wengine. Na mzazi ampendaye mwana amwache atoke jasho.

Kisa changu kimefika, nakitua. Mwenye mikono akichukue, mwenye usingizi akalale.