Kona ya Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mmeitika kama mmemeza mchanga. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, kale hasa, wanyama walikuwa na magari. Msiniulize petroli walijazia wapi. Walikuwa na magari, basi, na kila mwaka kiangazi kilipokaza walishindana.

Hawakugombea kikombe. Waligombea kisima. Kisima kilikuwa kimoja tu nchi nzima. Upande ulioshinda ulikunywa kwanza, kiangazi chote. Upande ulioshindwa ulikunywa baada yao. Na asiye na upande alikunywa mwisho kabisa, na kinachobaki mwisho kisimani si maji, ni tope.

Asiye na upande alikuwa Mama Ngiri. Alikuwa na watoto wanne, shimo moja la kulala, na hana nafasi hata ya kujikuna. Mwaka uliopita watoto wake walikunywa tope, na yule mdogo, Kinundu, akaharisha siku tisa. Mama Ngiri alimuuguza, akapona. Lakini siku hizo tisa hakuzisahau. Mwaka huu alisema moyoni, "Wanangu watakunywa maji." Atayapataje? Hakujua.

Sasa sikilizeni sheria ya mashindano. Ilikuwa moja. Kila gari linabeba mtungi wa maji, umejaa mpaka mdomoni. Linatoka kisimani, linazunguka kilima, linarudi kisimani. Wa kwanza kuvuka mstari, mtungi wake ukiwa umejaa, ndiye mshindi. Mtungi ule ulikuwa mkubwa, mzito, ili magari yote yalemewe sawasawa.

Mwamuzi alikuwa Bibi Twiga. Alisimama pale kisimani kwenye mstari, na kwa shingo ile aliona kila kitu. Kila kitu, isipokuwa nyuma ya kilima. Na nyuma ya kilima kulikuwa na kona kali, na penye kona ndipo nyumbani kwa Mama Ngiri.

Magari yalikuwa mawili. La kwanza liliendeshwa na Duma, na mashabiki wake walikuwa swala. Ndiyo, swala. Mnacheka nini? Mwenyekiti wao, Bwana Swala, aliulizwa hivyo hivyo, akajibu, "Siku Duma anapokimbiza gari, hanikimbizi mimi. Kwa nini nisimshangilie?"

La pili liliendeshwa na Mbuni, na mashabiki wake walikuwa nyani. Shingo ya Mbuni haikuenea ndani ya gari. Wakang'oa kioo cha mbele, shingo ikatokea hapo, ikatangulia mbele ya gari kama fimbo ya kipofu.

Jumamosi ya mashindano ikafika. Mama Ngiri alitoka shimoni, akakuta swala mia mbili uani kwake. Upande wa pili, nyani wamekaa juu ya paa la nyumba yake.

"Mwenyekiti," Mama Ngiri alimwambia Bwana Nyani, kiongozi wa nyani, "hilo ni paa."

"Shemeji, tutakaa kidogo tu."

"Udongo unawadondokea watoto."

"Waambie wafumbe macho, shemeji. Wanakuja! Wanakuja!"

Vuuuum! Vumbi likapanda. Duma huyo! Vuuuum! Mbuni huyo! Swala wakaruka, nyani wakapiga mayowe, paa likatikisika.

Magari yakafika konani. Duma akatoa mkono dirishani na mtungi, akauinamisha. Chwaaa! Maji yote chini. Gari likawa jepesi, fyuuu, likapaa. Nyuma yake Mbuni akaupiga mtungi teke. Chwaaa! Maji yote chini. Gari likawa jepesi, fyuuu, likapaa.

"Mwizi!" walipiga kelele swala. "Mbuni amemwaga! Mmeona? Amemwaga!"

"Mwizi!" walipiga kelele nyani. "Duma amemwaga! Mmeona? Amemwaga!"

"Duma hakumwaga. Aliteleza mkono."

"Mbuni hakumwaga. Alikuwa ananyoosha mguu."

Mama Ngiri alikuwa ameshakimbilia beseni. Akakinga michirizi, akachota, akapata nusu beseni. Watoto wakajitupa kwenye yaliyobaki, wakagaagaa, wakafurahi, wakapiga mbizi kwenye maji yasiyofika goti.

Alipoinua kichwa akaona jambo jingine. Mbele kidogo, magari yalikuwa yamesimama. Swala watatu walitoa kibuyu kichakani, wakaujaza mtungi wa Duma. Nyani wawili walishusha kibuyu kutoka mtini, wakaujaza mtungi wa Mbuni. Gudugudugudu! Vuuuum! Wakaenda.

Mama Ngiri akamuuliza Bwana Swala, "Maji ya kibuyu kile mmeyatoa wapi, kiangazi hiki?"

Bwana Swala alijifanya hasikii. Lakini midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Swala wote walikuwa hawajanywa siku tatu, kila mmoja alitoa sehemu yake ili kijae kibuyu cha Duma. Na nyani vilevile. Walikaa na kiu siku tatu ili dereva wao amwage maji barabarani, apate ushindi, wao wapate maji.

Mama Ngiri alijaribu kupiga hesabu ya jambo hilo, ikamshinda. Akaenda kuwaogesha watoto.

Mchana mashabiki walirudi kutoka kisimani wanabishana kama wanagombea mtoto. Magari yalifika pamoja! Gari la Duma lilitangulia, lakini shingo ya Mbuni ilikuwa imeshavuka mstari.

"Shingo ni sehemu ya gari!" walisema nyani.

"Tangu lini shingo ikawa na tairi?" walisema swala.

"Dereva ni shingo, na shingo ni dereva!"

"Basi mwakani Bibi Twiga aendeshe, akiwa kwake ameshafika!"

Bibi Twiga alikuwa amekata shauri: Jumamosi sare. Kesho Jumapili watarudia, na huo ndio mwisho wa maneno.

Jioni hiyo watoto wa Mama Ngiri hawakutaka kutoka konani. Walichimba kwa pua, wakachimbua kwa meno, wakakanyagakanyaga. Mpaka wanaitwa kula, kona ilikuwa imekorogwa kama uji.

Jumapili asubuhi Mama Ngiri akawafuata wenyeviti wote wawili. "Konani pana tope zito. Waambieni madereva wenu wapunguze mwendo."

Bwana Swala akashtuka. "Tope? Mvua haijanyesha miezi minne. Tope litoke wapi?"

"Wewe hujui lilikotoka?"

"Mimi? Mimi sijui."

"Bwana Nyani, na wewe hujui?"

"Shemeji, mimi sioni tope lolote," alisema Bwana Nyani. Alikuwa amesimama ndani yake, linamfika kwenye vifundo.

Wangemwambiaje dereva ajihadhari na maji, wakati wamekana kwamba dereva wao aliyamwaga? Basi madereva hawakuambiwa. Mama Ngiri akawaingiza watoto shimoni, akakaa mlangoni, akasubiri.

Vuuuum! Wanakuja! Vuuuum! Wako sawa, bega kwa bega! Duma akatoa mkono, chwaaa! Mbuni akapiga teke, chwaaa! Yakaingia konani.

Hayakutoka.

La Duma lilizunguka mara moja, likazunguka mara mbili, likakaa, bwata! La Mbuni likalifuata, likalala ubavuni mwake, bwata! Tairi zikazunguka, prrrrrr, tope likaruka juu, likashuka juu ya mashabiki. Shingo ya Mbuni ikachomeka kwenye matope mpaka machoni, wakamvuta miguu, pwop! akatoka.

"Sukumeni!" alipiga kelele Bwana Swala.

"Sukumeni!" alipiga kelele Bwana Nyani.

Swala wakasukuma, wakateleza. Nyani wakasukuma, wakateleza. Swala mmoja akasukuma gari la Mbuni kwa bahati mbaya, akaitwa msaliti. Nyani mmoja akamkuta swala mgongoni mwake, hawakujua nani amembeba nani. Wote walikuwa rangi moja, rangi ya tope. Mpaka wakaanza kuulizana, "Wewe wa kwetu?" "Sijui, mimi nani?"

Mama Ngiri akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mvua iishe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kule kisimani Bibi Twiga alingoja, akangoja, akachoka. Akaja, tap, tap, tap, akazunguka kilima. Akaangalia magari. Akaangalia mitungi. Mitupu yote miwili.

"Maji ya mitungi yako wapi?"

"Ya kwetu yamemwagika kwa mtikisiko, Bibi," alisema Bwana Swala. "Mbuni ndiye amemwaga kwa makusudi."

"Ya kwetu yamemwagika kwa mtikisiko," alisema Bwana Nyani. "Duma ndiye amemwaga kwa makusudi."

"Nani hapa hana upande?"

Wote wakamgeukia Mama Ngiri.

Bwana Swala akasogea sikioni pake, ananuka tope. "Dada yangu, mtaje Mbuni peke yake. Tukishinda, utakunywa mara baada yetu. Wa pili, wewe na watoto."

Bwana Nyani akasogea sikio la pili. "Shemeji, mtaje Duma peke yake. Tukishinda, utakunywa mara baada yetu."

Mama Ngiri akageuka kutazama kwake. Nafasi ya pili! Alimuona Kinundu anachungulia kutoka shimoni. Nafasi ya pili si mchezo. Akaanza kuhesabu. Mbele yake swala mia mbili, kila mmoja na kiu ya siku tatu. Watabakisha nini? Upande wa pili, nyani mia na ushee, na nyani akinywa anaosha na miguu. Watabakisha nini? Na ahadi ya shabiki aliyekwama kwenye tope, tope likikauka utamdai wapi?

Akasimama, mkia juu.

"Bibi, wamemwaga wote. Jana wamemwaga, leo wamemwaga. Duma dirisha la kulia, Mbuni kwa teke. Na mbele pale kuna kibuyu kichakani na kibuyu mtini, vya kujazia ili usijue. Nenda ukaangalie."

Bibi Twiga hakuhitaji kwenda. Aliinua shingo tu. Akakiona cha kichakani. Akakiona cha mtini.

"Mwaka huu hakuna mshindi," alisema.

Lo! Kelele zilizozuka hapo! "Nyie ndio mmetuponza!" "Nyie ndio mlianza!" "Kibuyu chenu kikubwa!" "Chenu kina mfuniko!" Duma akamlaumu Mbuni, Mbuni akajificha chini ya gari.

Mama Ngiri akamvuta Bibi Twiga pembeni. "Hakuna mshindi?"

"Hakuna."

"Basi hakuna wa kunywa kwanza?"

Bibi Twiga akafikiri. "Hakuna."

"Wala wa mwisho?"

"Wala wa mwisho. Anakunywa anayefika."

"Ahsante. Watoto! Nyanyukeni. Beseni hilo, Kinundu kamata mkia wa dada yako. Twendeni."

Wakaondoka mbio, mikia juu, mitano kwa mstari. Hakuna aliyewaona. Kule nyuma bado walikuwa wanabishana vibuyu na mfuniko.

Walikikuta kisima kimetulia, hakijakorogwa. Maji yalikuwa meupe mpaka changarawe za chini zinahesabika. Mama Ngiri akainama, akaona sura yake kwa mara ya kwanza. "Kumbe ndivyo nilivyo," akasema. "Si neno. Kunyweni." Wakanywa. Gu, gu, gu, gu. Kinundu akanywa mpaka tumbo likalia ndundu kama ngoma. Mama akanywa mwisho, safari hii kwa kutaka mwenyewe, na yalikuwa maji.

Jua linakaribia kuzama ndipo mashabiki walipofika, tope limewakaukia, koo zimewakauka. Wakawakuta ngiri watano wamejilaza, wanabeua.

"Amedanganya huyu!" alisema Bwana Swala.

"Amedanganya kabisa!" alisema Bwana Nyani. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana.

"Bibi Twiga, mwondoe mashindanoni!"

"Nimwondoe kwenye gari gani?" aliuliza Bibi Twiga.

Wakatazamana. Wakapanga foleni, swala na nyani, mmoja mmoja.

Basi nanyi sikieni. Shangilia timu yako mpaka sauti ikukauke, hakuna anayekukataza. Lakini wako akidanganya, sema amedanganya, kama unavyosema kwa wa wenzako. Usipomsema wako, kiu itakuwa yako.

Hadithi yangu imefika kisimani, imekunywa, imelala. Na nyie mkalale.