Neno Moja, Lango Moja

Hapo zamani, si ile ya mazimwi bali ya juzijuzi tu, palikuwa na hospitali milimani ambayo kumbukumbu zake zote zilihifadhiwa mawinguni, yaani kwenye kompyuta za mbali. Daftari la wagonjwa lilikuwa na mlango wake na neno lake la siri. Maabara vilevile, stoo ya dawa vilevile. Manesi walisahau, wakachanganya, wagonjwa wakangoja. Bi Mwanahija, matroni, akachoka.

Wakaja mafundi wawili. Shekue akasema kila nesi awe na neno moja, na yeye Shekue atalipeleka kila mlango, kila mlango ulijue. Nuru akasema liwe neno moja na lango moja. Milango isijue neno lolote, iuamini tu mtambo wa lango utakaolikagua neno. Shekue akapewa wadi ya wazazi, Nuru wadi ya watoto. Atakayechaguliwa na matroni atakabidhiwa mitambo yote, mwenzake afungashe virago.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na desturi. Nesi anayetoka zamu humwachia anayeingia neno lake, maana kumnyima mwenzio neno ni kama kumnyima chumvi. Matroni alikataza mpaka koo likamkauka.

Neno la Sista Kunda wa wadi ya wazazi likapita mdomo hadi mdomo, likamfikia mwizi. Akafungua daftari, akafungua maabara, akafungua stoo, akajiagizia dawa za kuzuia damu isivuje. Shekue akahangaika mlango hadi mlango kulibadili. Mzazi mmoja alizikosa dawa hizo, akapona kwa kudra za Mungu. Wiki hiyohiyo neno la wadi ya watoto nalo likavuja. Nuru akafunga lango mara moja, mwizi akabaki nje. Moyoni, Bi Mwanahija alikwisha kumchagua Nuru.

Kisha radi ikaupiga mtambo wa lango. Wadi nzima ya watoto ikafungiwa nje, na papo hapo jirani akamleta Sefu, mjukuu wa matroni, akitetemeka kwa homa. Mama yake alikuwa safarini. Bi Mwanahija alikumbuka kuwa sindano fulani nusura imuue mtoto huyu mwaka uliopita. Sindano ipi, hakukumbuka. Daftari lilijua, lakini halikufunguka. Na daktari alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano.

Sista Kunda, aliyekuwa akingoja kufukuzwa kwa lile neno lililovuja, alikuwa na mzazi mikononi, hawezi kumwacha. Nesi wa watoto alipomkimbilia, akamwambia neno lake jipya. Daftari likafunguka kupitia mlango wa Shekue. Sindano ya mwaka jana ndiyo hiyohiyo iliyokuwa mkononi mwa daktari. Ikawekwa kando, Sefu akapewa nyingine, akapona.

Asubuhi mafundi wote wawili na Kunda wakasimama mbele ya matroni.

"Mlango wangu ndio uliofunguka, Bi Mkubwa," alisema Shekue. "Tungengoja lango, leo tungekuwa matangani."

"Kwake mwizi aliingia, kwangu hakuingia," alisema Nuru. "Radi haipigi kila siku. Watu huropoka kila siku."

Kunda aliangalia chini. "Mimi nilitoa neno mara mbili. La kwanza nafukuzwa, la pili nashukuriwa, na kosa ni lilelile."

Wakubwa walitaka jina la fundi kabla ya adhuhuri, na hukumu ya Kunda pia. Bi Mwanahija akiwa matroni aliona hivi, akiwa bibi yake Sefu aliona vile. Akashika kalamu, akaiweka.

Basi kalamu ni yenu. Je, nani alistahili kukabidhiwa milango? Na Kunda, abaki au aende?