Asali ya Mzee Lubaga

Mtoto halilii uji, hulilia asali ya jana. Ndivyo alivyoniambia mama yenu asubuhi hii, akaenda zake kazini huku anacheka, nanyi mkabaki mnanitazama mimi na kikombe changu cha chai isiyo na sukari. Daktari kanikataza sukari, mama yenu kashika amri ya daktari, na mimi nimegoma. Sasa Misozi anauliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka nyumbani kwetu, mjukuu wangu. Mama yenu amenichapa kwa fimbo ya mama yangu mwenyewe. Kaeni niwaeleze, na wewe Shija, weka hiyo simu kwanza.

Methali hii ilianza hivi, kabla mimi sijazaliwa.

Mama yangu, Kalunde, aliolewa upande wa Sikonge, kwenye nchi ya asali. Baba mkwe wake, Mzee Lubaga, alikuwa mrina asali. Kila kiangazi aliingia porini na wenzake, wakapiga kambi huko, wakapanda miti mirefu walikotundika mizinga yao ya magome. Harufu yake aliporudi, mama alisema, ilikuwa ya moshi na maua, na ilikaa ndani ya nyumba siku nyingi. Mwaka aliofariki alikuwa ametoka kurina, na alikuwa amemjazia mkewe, Bibi Milembe, kibuyu kikubwa cha asali. Kalunde alikuwa mjamzito. Mtoto alipozaliwa wa kiume akapewa jina la babu yake, Lubaga. Kwa hiyo Bibi Milembe akawa anamwita "mume wangu", kama ilivyo desturi. "Mume wangu ameamka?" "Mume wangu leo kanikojolea!" Nyumba nzima ilicheka, naye akicheka kuliko wote.

Mtoto akakua, akatembea, akaachishwa ziwa. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Bibi Milembe alitaka uji wa mtoto utiwe asali. Kalunde alitaka utiwe sukari. Alikuwa msichana wa kisasa, ana kikopo chake cha sukari chenye kifuniko, na asali aliiona ni kitu cha porini.

"Mayu," alimwambia mkwewe, maana kwetu mama ni Mayu, "hiyo asali ina mabawa ya nyuki na vipande vya magome."

"Na hiyo sukari yako," Bibi Milembe alijibu, "ni mchanga tu uliojifunza adabu. Mume wangu hatakula mchanga."

Walibishana hivyo wiki nzima, kisha wakaacha kubishana, ikawa mbaya zaidi. Kila mmoja akaanza kumlisha kwa siri. Kalunde akienda kisimani, bibi anachovya kijiko kwenye kibuyu. Bibi akienda kuota jua, Kalunde anafungua kikopo. Kila mmoja alitaka mtoto apende chakula chake. Mtoto akajifunza kunusa bakuli kabla ya kufungua mdomo, na uji usio na utamu akawa hajui ni kitu gani.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Mto ulifurika, lori la mwenye duka halikuweza kuvuka, na dukani pakabaki chumvi na viberiti. Kikopo cha Kalunde kikaisha. Siku hizohizo Bibi Milembe alikigeuza kibuyu juu chini, akangoja, hakikudondoka kitu. Asali ya majirani ilikuwa imeuzwa tangu kiangazi. Baba yangu, Mihayo, alikuwa ng'ambo ya mto kwenye kazi ya kupasua mbao, na zahanati nayo ilikuwa hukohuko ng'ambo.

Uji wa mtama ulikuwepo, karanga zilikuwepo. Mtoto alifunga mdomo. Wakambembeleza, wakamwimbia, wakamziba pua kama walivyofanya watu wa zamani, akautema. Maziwa ya mama yake yalikuwa yameshakauka. Alilia mpaka sauti ikakwama, na mbavu zikaanza kuonekana. Nyie mmezaliwa mjini, hamjui. Enzi zile mtoto aliyeachishwa ziwa akikataa uji, watu walianza kunong'ona, maana vijikaburi vidogo vilikuwa vingi nyuma ya nyumba.

Wanawake wale wawili wakalaumiana. "Sukari yako imemharibu." "Asali yako ndiyo iliyoanza." Kalunde akaona jambo jingine lililomuudhi zaidi: mkwewe naye alikuwa hali. Akipewa ugali anamega tonge moja, anasema ameshiba, anakaa na kile kibuyu kitupu mapajani. Kalunde alidhani ni ukaidi.

Asubuhi moja Kalunde alipeleka kijiko mdomoni, mtoto akakipiga, bakuli likapinduka, uji ukamwagika mkekani. Kalunde akapandisha sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mkwewe.

"Wewe hulilii uji! Uji si huu hapa? Unalilia asali ya jana, na asali ya jana imekwisha! Imekwisha, baba, nikutolee wapi?"

Kisha Bibi Milembe akauliza taratibu, "Kalunde, umenisema mimi?"

"Hapana, Mayu! Nasema na mtoto."

"Basi umesema na wote wawili."

Akakiweka kibuyu chini. "Hiki alikijaza yeye kwa mikono yake. Nikimlisha mtoto, na mimi najilambisha kidogo. Nilikuwa najiambia, maadamu asali ipo, mzee hajaondoka, yuko porini tu. Tangu iishe, chakula hakinipiti. Nilitaka na mtoto aijue ladha yake. Sikujua ninamfundisha kumlilia."

Kalunde akakaa palepale kwenye uji uliomwagika, akalia. "Na mimi nilidhani unashindana na sukari yangu, Mayu."

"Aa, hilo nalo lilikuwemo," akasema Bibi Milembe, na wote wawili wakacheka huku machozi yanawatoka.

Kisha bibi akanyoosha mkono. "Nipe uji uliobaki chunguni. Nipe hivyohivyo."

Akanywa funda la kwanza, likakataa kushuka. Akanywa la pili. "Kumbe mtama una ladha yake," alisema. "Nilikuwa nimeisahau." Akampa Kalunde, Kalunde akanywa, wakawa wanapokezana bakuli moja, watu ambao kwa miezi hawakuwa wamechangia hata kijiko. Hakuna aliyemtazama mtoto. Mtoto akajikokota hadi magotini kwa bibi yake, akanusa bakuli, akakunja uso.

"Mume wangu," bibi alimwambia, "asali tumeimaliza, na aliyeileta hatarudi. Ukitaka, tunywe huu."

Mtoto akatumbukiza vidole, akalamba. Akalia. Akalamba tena. Alikunywa uji ule huku analia, na bibi yake anakunywa huku analia, mpaka bakuli likaisha.

Lori lilipovuka mto, Kalunde alinunua sukari, lakini ikawa ya wageni na sikukuu. Kibuyu Bibi Milembe alikiosha, akahifadhi humo mbegu za mtama. Nilikuta mbegu humo mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo, na ukiinamisha pua ulikuwa bado unasikia harufu ya moshi na maua. Mpaka leo nikifumba macho naisikia.

Huyo Lubaga ndiye kaka yangu, babu yenu mwenye tumbo, anayekuja hapa na kumaliza sufuria. Uji ulimkaa vizuri.

Sasa mnanitazama tena. Mnadhani bibi yenu anagombea sukari? Marehemu babu yenu, mume wangu mimi, ndiye aliyekuwa akinikorogea chai, kila alfajiri, miaka yote tuliyoishi pamoja. Aliniletea kitandani, sukari tele, na kijiko akakiacha humohumo kikilia njia nzima. Tangu aondoke najikorogea mwenyewe, na nilikuwa nafumba macho nikisikia kile kijiko. Mama yenu analijua hilo. Ndiyo maana alicheka upesi akatoka, asije akalia mbele yangu.

Misozi, nisogezee hicho kikombe. Kimepoa? Si kitu, lete hivyohivyo. Na nyie mimineni vyenu tunywe pamoja.

Hm. Kumbe majani ya chai yana ladha yake.

Mtoto halilii uji, wajukuu zangu. Hulilia asali ya jana.